Joto la ghafla kwenye matibabu ya homoni ya tezi dume: uvumilie kwa feni, umeze kidonge, au uombe kubadilishiwa matibabu?

Mwanamume anayeanza sindano za homoni kwa ajili ya saratani ya tezi dume huambiwa mengi: nguvu za kiume zitapungua, mifupa inaweza kudhoofu, kitambi kinaweza kuongezeka. Joto la ghafla hutajwa kwa haraka, au halitajwi kabisa. Wiki chache baadaye yuko kwenye daladala, au msikitini, au katikati ya kikao cha ukoo, kifua kinaanza kuwaka, moto unapanda shingoni hadi usoni, jasho linamtiririka, kisha baridi inamshika. Hadi wanaume 8 kati ya 10 walio kwenye matibabu haya hupitia hali hiyo. Wengine huisikia mara moja moja tu. Wengine huamshwa usiku kucha na asubuhi hawana nguvu ya kwenda shambani wala kazini.

Chanzo chake kinaeleweka. Mwaka 1941 Charles Huggins na Clarence Hodges wa Chicago walionyesha kwamba saratani hii hutegemea homoni ya kiume, testosteroni, na tangu hapo kuikata homoni hiyo kumekuwa msingi wa tiba, iwe kwa sindano au kwa kuondoa korodani. Ubongo una sehemu inayosimamia joto la mwili, na homoni hizi huisaidia kufanya kazi kwa utulivu. Zikishuka ghafla, sehemu hiyo inakuwa nyepesi kushtuka: mwili ukipata joto kidogo tu, unaamrishwa kumwaga jasho na kufungua mishipa ya ngozi kana kwamba umekaa karibu na tanuri. Ndicho kinachowapata wanawake wakikoma hedhi. Kwa hiyo baba anayeona aibu kulisema, mtu wa kwanza wa kuzungumza naye huenda ni mke wake mwenyewe, ambaye pengine aliyapitia hayo hayo miaka kumi iliyopita.

Kabla ya kuchagua: hakikisha ni joto la homoni

Kwetu jasho la usiku lina maana nyingi. Mzee akiamka fulana imelowa chapachapa, nyumba nzima husema malaria, na anaweza kununuliwa dawa mseto bila kupimwa. Joto la homoni huja kwa kishindo, hukaa dakika chache, huondoka, na kipimajoto hakionyeshi homa. Malaria huleta homa inayopimika, kichwa na viungo kuuma. Kipimo cha haraka kwa tone la damu ya kidoleni kinatosha kumaliza ubishi. Kifua kikuu huleta jasho la usiku pamoja na kikohozi cha wiki mbili au zaidi na kukonda. Homa na kutetemeka kwa mtu mwenye mpira wa mkojo, au anayesikia mkojo unachoma, huenda ni maambukizi na hayasubiri kliniki ya mwezi ujao. Na aliye kwenye kemotherapi akifika nyuzi 38, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Bila dawa au kwa dawa

Tofauti kubwa ya njia hizi mbili ni hii: hatua za nyumbani hupunguza usumbufu kuliko zinavyopunguza idadi ya vipindi, ilhali vidonge hupunguza idadi yenyewe lakini vinakuja na madhara yake. Mimi ningemshauri kila mtu aanze na za nyumbani, kwa wiki mbili au tatu. Nasema wiki, kwa sababu nimeona namna wanaume wetu wanavyogeuza jambo hili kuwa mtihani wa uvumilivu. Mtu asiyelala kwa miezi hapati tuzo yoyote, na wako wanaofikia kuacha sindano kimyakimya kwa kuchoka. Hapo hasara ni kubwa kuliko madhara ya kidonge chochote nitakachokitaja.

Anza na daftari. Kwa wiki moja andika saa joto lilipokuja, ukali wake kwa alama ya 1 hadi 10, na ulichokuwa ukifanya au ulichokula kabla yake. Vichocheo vinavyojulikana ni pombe, kahawa, vinywaji vya moto, pilipili, chumba kilichofungwa, sigara na hasira, lakini kila mtu ana vyake. Hakuna haja ya kuacha chai kama daftari halioneshi kwamba chai ndiyo mkosaji, na hata ikiwa ndiyo, mara nyingi kuiacha ipoe kunatosha.

Mavazi yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Pamba huruhusu hewa: kanzu nyepesi, shati la mikono mifupi, msuli au kikoi wakati wa kulala. Suti ya poliesta na jezi hufungia jasho ndani. Kwa anayekaa Njombe, Lushoto au Limuru, ambako usiku ni baridi, vaa nguo mbili tatu nyepesi badala ya sweta moja zito, ili uvue na kuvaa bila tabu. Kwa wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, feni ndiyo rafiki, na siku umeme ukikatika kipepeo cha ukili kiwe karibu na mto. Tandika khanga au shuka la ziada juu ya kitanda, ili likilowa uliondoe bila kuamsha watu kutandika upya. Na chandarua kisiondolewe kwa kisingizio cha joto. Sogeza feni ipulize kuelekea kitandani. Upepo unapungua kidogo kwenye neti lakini unapita, na mbu habaki na wewe.

Kupumua polepole kunastahili kujaribiwa kwa dhati. Joto linapoanza, vuta pumzi taratibu kwa tumbo na uitoe taratibu zaidi, bila kupambana na kinachotokea. Uingereza walilifanyia utafiti uliochapishwa mwaka 2015, kwa wanaume 68 wenye saratani hii. Nusu walipewa kijitabu na sauti ya kurekodiwa ya mazoezi ya kutuliza mwili, wakafundishwa kwa wiki nne namna ya kubadili fikra zinazoambatana na joto hilo, kama ile ya kwamba kila mtu ananitazama. Wiki ya sita walikuwa wanasumbuka kidogo kuliko wenzao. Kufikia wiki ya 32 makundi yote mawili yalikuwa sawa, maana yake wengine nao walizoea kwa muda wao. Ukilinganisha na kidonge, njia hii ni ya bure, haina madhara na inakufikisha mapema kwenye kuzoea. Haiwezi kumwokoa mtu anayeamshwa mara sita kwa usiku.

Kutembea kwa kasi kila asubuhi nakuhimiza hata kama ushahidi wake juu ya joto lenyewe ni mdogo, kwa sababu sindano hizi hula misuli na mifupa, na mwendo hurudisha sehemu yake. Tiba ya vitobo vya sindano vya Kichina ina tafiti chache na ndogo zenye dalili njema. Kama iko mbali na inakula nauli, si ya kuanza nayo.

Mimea je? Soya ilipimwa Marekani kwa wanaume 120, matokeo yakatoka mwaka 2013, na haikushinda unga usio na kitu. Mlonge, mwarobaini na chai za majani zinazouzwa kwa kusifiwa sana sizioni zikiwa na ushahidi kwa tatizo hili. Ushuhuda wa jirani nao upokelewe kwa uangalifu: katika utafiti mmoja mashuhuri wa mwaka 1994, waliopewa kidonge kisicho na dawa walipata nafuu ya asilimia 21. Mwili hutulia wenyewe kwa kiasi hicho, na chochote ulichokunywa wiki hiyo kinapata sifa.

Vidonge vyenye nguvu zaidi: medroksiprojesteroni na saiproteroni

Hizi ni dawa za homoni. Hapa pana ushahidi mzuri, na hapa ndipo uchaguzi unapohitaji utulivu. Wafaransa waliwapima wanaume 311 waliokuwa kwenye sindano za leuprorelini na kusumbuliwa na joto, matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Walipewa moja kati ya dawa tatu. Baada ya wiki nne, alama za joto zilishuka kwa asilimia 94.5 kwa waliomeza saiproteroni, asilimia 83.7 kwa medroksiprojesteroni, na asilimia 47.2 kwa venlafaksini, ambayo nitaieleza chini.

Kwa namba hizo mtu angesema saiproteroni imeshinda, basi. Lakini mwongozo wa Uingereza unaanza na medroksiprojesteroni, miligramu 20 kwa siku kwa wiki 10, halafu hali inatathminiwa upya. Saiproteroni miligramu 50 mara mbili kwa siku huja nyuma yake, kwa wiki nne, kwa yule ambaye ya kwanza imemshinda. Nakubaliana nao kabisa. Tofauti ya asilimia kumi na kitu mgonjwa huenda asiihisi, lakini saiproteroni inaweza kuumiza ini, na ikitumika kwa dozi kubwa kwa muda mrefu imehusishwa na uvimbe wa utando wa ubongo, jambo lililofanya mamlaka ya dawa ya Ulaya ibane matumizi yake mwaka 2020. Mtu aliyewahi kuugua homa ya ini B, na kwetu ni wengi, anayo sababu ya ziada ya kuikwepa.

Medroksiprojesteroni nayo ina yake: uzito kuongezeka, miguu kuvimba, sukari kupanda, na damu kuganda kwenye mishipa. Saratani yenyewe tayari huongeza hatari ya damu kuganda, kwa hiyo aliyewahi kupata donge la damu mguuni au kiharusi amwambie daktari kabla ya karatasi kuandikwa. Wapo wanaume wanaoshtuka wakisikia kwamba hii ni dawa ile ile iliyomo kwenye sindano ya uzazi wa mpango. Ndiyo, ni hiyo hiyo, na haikupunguzii uanaume ambao sindano ya saratani haijaugusa. Ila usiende kuchomwa hiyo ya uzazi wa mpango kwa kujiamulia. Kidonge ukipata madhara unakiacha leo. Sindano hukaa mwilini miezi mitatu na hakuna wa kuitoa.

Ndugu yao wa tatu ni megestroli, ambayo ndiyo iliyopimwa katika ule utafiti wa 1994: miligramu 20 mara mbili kwa siku, joto likapungua kwa asilimia 85. Inaongeza hamu ya kula. Kwa mzee aliyekonda na kukataa chakula hiyo ni neema. Kwa mwenye kisukari na kitambi ni mzigo. Kuna wagonjwa wachache ambao PSA yao, kipimo cha damu cha kufuatilia saratani hii, ilipanda wakiimeza na ikashuka walipoiacha dawa, kwa hiyo daktari wa saratani lazima ajue kwamba unaitumia.

Venlafaksini dhidi ya gabapentini

Hizi si homoni. Moja ni dawa ya sonona, nyingine ya kifafa na maumivu ya neva. Zote mbili ni dhaifu kuliko zile za juu, na ushahidi wa venlafaksini unayumba: Wafaransa waliipa karibu nusu ya nafuu, lakini ule utafiti wa Marekani wa 2013 uliopima soya uliipima nayo pia, na haikushinda kidonge tupu. Gabapentini ilipimwa kwa wanaume 214, na iliyosaidia ni dozi ya juu ya miligramu 900 kwa siku. Nafuu yake ilikuwa ya wastani.

Sasa kwa nini uzichague? Kwa sababu ya kile kingine ulicho nacho. Mtu ambaye joto limemjia pamoja na huzuni nzito na kukosa hamu ya kitu chochote, venlafaksini inaweza kumsaidia pande zote mbili. Mwenye shinikizo la damu lisilotulia aiache, kwa maana inaweza kulipandisha. Anayemeza tramado kwa maumivu ya mifupa asichanganye bila daktari kuridhia. Mbili hizo pamoja zinaweza kuleta kutetemeka, kuchanganyikiwa na hata degedege, na tramado ni dawa ambayo wagonjwa wetu wengi wa saratani wanayo nyumbani. Tena venlafaksini haiachwi ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo.

Gabapentini inaleta usingizi na kizunguzungu. Anayeteswa zaidi usiku anaweza kufurahia huo usingizi, hasa kama ana ganzi au maumivu ya neva miguuni. Lakini mzee anayeamka kwenda haja ndogo mara nne gizani anaweza kuanguka, na mifupa yake tayari ni dhaifu. Figo ndizo zinazoitoa gabapentini mwilini, na tezi iliyoziba mkojo kwa muda mrefu huziumiza figo, kwa hiyo kipimo cha figo kitangulie dozi. Anayekunywa mofini ya maji aanze na dozi ndogo chini ya uangalizi, kwani zote mbili hupunguza nguvu ya kupumua.

Klonidini, dawa ya zamani ya presha, ilipimwa kwa wanaume na haikusaidia. Isikupotezee muda.

Oksibutinini: nzuri kwa namba, tatizo kwa jiografia yetu

Dawa hii ya kibofu imepimwa hivi karibuni Marekani kwa wanaume walio kwenye matibabu ya homoni, na ilipunguza vipindi vya joto vizuri, miligramu 5 mara mbili kwa siku ikifanya vizuri kuliko 2.5. Wenye mkojo wa ghafla baada ya mionzi wanaweza kupata faida mbili kwa kidonge kimoja. Lakini inakausha mdomo, inafunga choo, inaweza kuziba mkojo kabisa kwa mwenye tezi kubwa ambayo bado ipo, na inaweza kumchanganya mzee akili. Jingine ambalo wa nchi za baridi hawalitilii mkazo: inapunguza jasho. Mtu anayelima juani Dodoma au anayekaa Mombasa mwezi wa pili anahitaji jasho lake ili mwili upoe. Kwa huyo ningeiweka mwisho.

Kubadili matibabu yenyewe

Swali hili wagonjwa hawaliulizi, na linafaa kuulizwa mapema. Sindano za kila mwezi au kila miezi mitatu, kama Zoladex ya miligramu 3.6 au 10.8, na upasuaji wa kuondoa korodani, zote huleta joto, kwa sababu zote hukata testosteroni. Tofauti ni kwamba sindano zinaweza kusimamishwa, upasuaji haurudi nyuma. Upasuaji hulipwa mara moja, hauhitaji safari za kliniki kila mwezi, hauna hofu ya dawa kuisha bohari, na kwa familia nyingi hilo ndilo linaloamua. Ni uamuzi wa heshima kamili. Ila anayeuchagua ajue kwamba mlango wa kupumzika unafungwa, na joto likimkaa atalitibu kwa dawa au kwa kulizoea.

Mlango huo wa kupumzika ni matibabu ya vipindi: sindano kwa miezi kadhaa, PSA ikishuka vya kutosha unasimama, ikipanda unaanza tena. Kwa wanaume ambao PSA ilipanda baada ya mionzi na saratani haijasambaa, utafiti mkubwa wa mwaka 2012 wa wanaume 1,386 ulionyesha kwamba walioenda kwa vipindi hawakuishi muda mfupi kuliko waliochomwa mfululizo, na joto liliwapungua. Kwa wale ambao saratani imesambaa mifupani, utafiti wa 2013 haukuweza kutoa uhakika huo. Kwa hiyo wawili wanaokaa benchi moja pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, mmoja anaweza kupumzika na mwingine asiweze, na hakuna aliyeonewa. Joto lenyewe huchukua miezi kuisha baada ya sindano ya mwisho.

Bikalutamidi peke yake, bila sindano, haileti joto sana kwa sababu testosteroni inabaki kwenye damu, ikizuiwa tu kufanya kazi. Inakuza matiti na kuyafanya yaume, na kwa saratani iliyosambaa ni dhaifu kuliko sindano. Plasta za estrojeni zinazobandikwa kwenye ngozi zimepimwa Uingereza kwa miaka mingi dhidi ya sindano: joto liliwapata asilimia 44 ya waliobandika na asilimia 89 ya waliochomwa, lakini matiti yaliwakua asilimia 85 dhidi ya 42. Hapo unachagua unachoweza kuishi nacho. Mwingine atasema bora matiti chini ya kanzu kuliko kutolala, mwingine hatalikubali hata kidogo. Tatizo la plasta kwetu ni upatikanaji. Estrojeni ya kumeza ni kitu tofauti, huleta damu kuganda na matatizo ya moyo, isichukuliwe badala yake.

Kama ni baba yangu

Ningempa wiki mbili au tatu za daftari, pamba, feni na kupumua. Kama bado analala vipande vipande, na hajawahi kupata donge la damu wala kiharusi, ningemwomba daktari medroksiprojesteroni, na kabla ya kuanza apimwe sukari na uzito. Kama damu iliwahi kuganda, ningeangalia presha, figo na dawa za maumivu anazotumia, kisha gabapentini ya usiku au venlafaksini kulingana na kilichopatikana. Kama saratani yake ni ya aina inayoruhusu vipindi, ningeuliza hilo kabla ya kidonge chochote. Dawa yoyote ningeipa wiki nne. Daftari lisipoonyesha tofauti, iachwe kwa utaratibu wa daktari na ijaribiwe nyingine, badala ya kuziongeza moja juu ya nyingine.

Ningeuliza bei pia kabla ya kutoka chumba cha daktari. Bima za afya, NHIF kwa Tanzania na SHA kwa Kenya, zina orodha zao, na kidonge kinachofaa lakini kisicholipiwa kwa mwezi wa pili kitaachwa katikati.

Na ningemkataza kwa nguvu zote dawa za kuongeza nguvu za kiume zinazouzwa barabarani na sindano za testosteroni za kwenye majumba ya mazoezi. Testosteroni ingelizima joto, ni kweli. Ingeilisha pia saratani ambayo miezi yote hii inanyimwa chakula hicho hicho.